Minnesota: Miji inapewa alama za nyumba nafuu, nyumba zenyewe ziko wapi?

#1 Mto_Rufiji (mwanzisha uzi)
Wakuu, salaam. Naishi Brooklyn Park, kaskazini mwa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, huu mwaka wa kumi na moja. Kazi yangu ni kutunza wazee, na kila alfajiri naendesha dakika arobaini kwenda mji mmoja wa kusini, jina naliacha. Wazee ninaowaogesha wanaishi huko. Mimi nimetafuta nyumba ya vyumba vitatu huko kwa miaka miwili na sijapata ya kodi ninayoimudu.

Juzi nikahudhuria kikao cha hadhara cha mji huo. Afisa akasoma kwa furaha kwamba mji umepata alama zaidi ya themanini kati ya mia kwa juhudi za nyumba za bei nafuu. Watu wakapiga makofi. Mimi nilibaki nahesabu kichwani majengo mapya ya watu wa kipato chetu, nikapata moja tu, nalo ni la wazee.

Nikaambiwa alama zinatoka Metropolitan Council, baraza la kanda lenye mabasi na maji taka. Wanapima nini hasa? Na mji ukipata alama mbovu, unapoteza nini? Naomba wanaojua wanieleze.

#2 Shangazi_Zuhura
Nimeweka mkeka hapa. Mwanangu naye anahangaika na kodi huko St. Paul.

#3 Ramani_na_Rula
Mto_Rufiji, nimefanya kazi ya mipango miji katika kanda hii, ngoja nianze.

Baraza hilo liliundwa na bunge la jimbo mwaka 1967. Linahudumu wilaya saba: Anoka, Carver, Dakota, Hennepin, Ramsey, Scott na Washington, zenye miji na vijiji zaidi ya 180 na watu zaidi ya milioni tatu. Kwenye nyumba linafanya mambo matatu yanayochanganywa sana.

La kwanza ni mgao wa mahitaji. Kwa muongo wa 2021 hadi 2030 lilikadiria kanda itahitaji nyumba nafuu mpya 37,900, kisha kila mji unaokua ukapewa fungu lake. Mji hauamriwi kujenga. Unatakiwa kuonyesha kwenye mpango kabambe wake kwamba umetenga ardhi inayoruhusu msongamano wa kutosha, kwa mfano nyumba nane kwa ekari au zaidi.

La pili ni ruzuku chini ya sheria ya mwaka 1995 iitwayo Livable Communities Act. Mji unajiunga kwa hiari, unakubaliana malengo na Baraza, halafu unaruhusiwa kuomba fedha za kusafisha ardhi yenye sumu, za miradi karibu na usafiri, na za nyumba nafuu zenyewe. Miji zaidi ya 90 imejiunga.

La tatu ndiyo alama ulizosikia. Zinaangalia nyumba nafuu mpya zilizokamilika, za zamani zilizokarabatiwa na kulindwa, programu na kanuni ambazo mji umepitisha, na akiba ya nyumba nafuu uliyonayo tayari. Alama zimetumika kupanga foleni ya ruzuku, na kwa miaka kadhaa zilihesabiwa hata kwenye mashindano ya fedha za barabara.

#4 Mto_Rufiji
Asante sana mkuu. Kwa hiyo mji unaweza kuokota alama kwa kupitisha kanuni tu?

#5 Ramani_na_Rula
Baadhi ya alama, ndiyo. Na mimi naona kuna sababu. Mji mdogo hauna benki wala kampuni ya ujenzi. Ukiupima kwa idadi ya milango tu, unauadhibu kwa mwaka ambao mwendelezaji hakuja. Ukiupima kwa kile ulicho na mamlaka nacho (kupunguza ada, kulegeza maegesho, kuruhusu ghorofa, kuweka fedha yake) unaupima kwa haki zaidi.

#6 Fundi_Bomba_612
Mwenye njaa hali kanuni, ndugu yangu. Mimi nafunga mabomba kwenye majengo haya kila siku. Naona yapi yanaanza na yapi yanakufa mezani. Yanayokufa yanakufa kwa vikao. Mwendelezaji analeta michoro ya ghorofa nne, majirani wanajaza ukumbi, wanasema magari yatazidi, shule itajaa, maji ya mvua yatafurika. Diwani anaona kura zake. Mradi unapunguzwa ghorofa moja, hesabu haitoki tena, mwendelezaji anahama. Je, alama inaonyesha jengo lililokataliwa? Haionyeshi. Inaonyesha lililojengwa, na karatasi.

#7 Karani_Mstaafu
Vijana, naomba niwarudishe nyuma, maana uzi huu unazungumza kama alama zilianza jana.

Mwaka 1971 Baraza hilo hilo lilipitisha sera iliyokuja kujulikana kama Policy 39. Wakati ule serikali kuu ya Marekani ililitaka baraza la kanda lipitie kila ombi la mji la fedha za shirikisho: barabara, bustani, mabomba ya maji taka. Baraza likasema mji unaokataa nyumba za wenye kipato cha chini utashushwa kwenye orodha. Hakuna aliyepelekwa mahakamani. Mji ulijua tu kwamba ukifunga mlango kwa maskini, bomba lako litasubiri.

Matokeo yalionekana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 karibu tisa ya kumi ya nyumba zenye ruzuku katika kanda zilikuwa Minneapolis na St. Paul. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilikuwa kama sita ya kumi, nyingine zimejengwa vitongojini. Kisha utaratibu wa kupitia maombi ukafutwa na serikali kuu, Washington, mwaka 1982, na fimbo ikavunjika.

Alama za leo ni mjukuu wa sera ile, ila mjukuu hakurithi fimbo.

#8 Mwanahesabu_Tulivu
Mzee Karani, kwa heshima, hapo umeruka jambo kubwa. Miaka hiyo hiyo kulikuwa na fedha. Kuanzia 1974 serikali kuu ilikuwa ikilipia ujenzi mpya chini ya Section 8, mpango wake wa kusaidia wapangaji wa kipato cha chini, mpaka sehemu hiyo ya ujenzi ilipofutwa 1983. Mji ulipokubali kujenga, mlipaji alikuwepo. Sasa unajuaje kilichojenga ni fimbo ya Baraza na si mfuko wa Washington? Vyote viwili vilikuja pamoja na vikaondoka pamoja.

#9 Karani_Mstaafu
Mwanahesabu, swali lako ni zuri na siwezi kulipuuza. Lakini fedha za Section 8 zilikuwa nchi nzima. Kanda nyingi zilizipata na bado nyumba zikarundikwa katikati ya jiji. Hapa zilitawanyika. Kilichozitawanya ni nini, kama si ile foleni?

#10 Mwanahesabu_Tulivu
Nakubali nusu. Fedha zilijenga, foleni ikaelekeza wapi. Leo elekezo limebaki bila mzigo wa kuelekeza. Ruzuku za Livable Communities ni kipande kidogo cha gharama ya jengo moja, uti wa mgongo ni punguzo la kodi ya mapato la shirikisho la mwaka 1986 kwa wanaowekeza kwenye nyumba nafuu, na huo mfuko una foleni yake nyingine kwa shirika la nyumba la jimbo.

#11 Dada_wa_Richfield
Habari zenu. Mimi nina kisa, si cha kusimuliwa.

Mwaka 2015 hapa Richfield jengo kubwa la nyumba takriban 700 liliuzwa. Lilikuwa la miaka mingi, kodi ya chini, bila ruzuku yoyote ya serikali. Wenyeji wengi walikuwa watu kama sisi. Mmiliki mpya akakarabati, akapandisha kodi, akabadili masharti, wenye vocha za serikali za kulipia sehemu ya kodi wakakosa nafasi. Rafiki yangu mwenye watoto wanne alihama, watoto wakabadili shule katikati ya mwaka. Mdogo wao alikuwa ndiyo kwanza ameanza kusoma.

Nyumba za namna ile ndizo nyingi tunazoishi. Zilijengwa miaka ya 1960 na 1970, zimechakaa, ndiyo maana ni nafuu. Mji ukijenga 60 mpya ukapongezwa, na mwaka huo huo 700 za zamani zikapanda bei, nani anatoa hesabu ya tofauti? Naona miaka ya karibuni wameanza kusema neno "kulinda", na nashukuru. Lakini aliyehama kahama.

#12 Shangazi_Zuhura
Pole sana mwanangu. Hao watoto wameniumiza.

#13 Ramani_na_Rula
Dada wa Richfield, umegusa udhaifu ambao hata wenzangu wa ndani waliukiri. Kuhesabu kinachozaliwa ni rahisi, kibali cha ujenzi kipo. Kuhesabu kinachopotea kunahitaji kujua kodi ya kila mpangaji kila mwaka.

#14 Kijana_wa_Eastleigh
Wadau, mimi niko Nairobi, nasoma tu. Swali la kijinga: "nafuu" hapo ni bei gani? Kwetu neno hili limechezewa sana. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inatukata asilimia 1.5 ya mshahara, mwajiri naye anaongeza kiasi hicho hicho, na bado mtu wa Mathare anauliza nafuu kwa nani.

#15 Mto_Rufiji
Si swali la kijinga, Kijana. Ndilo lililonifanya nifungue uzi. Ramani, msaidie.

#16 Ramani_na_Rula
Wanapima kwa kipato cha kati cha eneo. Kwa familia ya watu wanne katika kanda hii kipo juu ya dola 120,000 kwa mwaka. Mahitaji yamegawanywa mafungu matatu: wenye hadi asilimia 30 ya kipato hicho, wa 31 hadi 50, na wa 51 hadi 80. Karibu nusu ya zile 37,900 ni za fungu la chini kabisa.

Sasa tazama. Asilimia 80 ni familia inayoingiza zaidi ya dola 90,000. Nyumba ya fungu hilo nayo imo kwenye hesabu ya "nafuu".

#17 Mto_Rufiji
Sasa nimeelewa kwa nini nilikuwa sielewi. Mimi nalipwa dola 19 kwa saa. Kwa mwaka mzima bila kukosa siku ni kama 39,500. Wanasema kodi isizidi asilimia 30 ya kipato, maana yake nisivuke dola 990 hivi kwa mwezi. Nina watoto watatu, niko peke yangu. Kwa hesabu ya Ramani mimi niko karibu kabisa na lile fungu la chini, na majengo ninayoyaona yana vibao vya "nafuu" vya asilimia 60. Nimepiga simu. Vyumba viwili wameniambia dola 1,600 na ushee.

Kwa hiyo mji wangu wa kazini haukudanganya kikaoni. Umejenga nafuu. Si nafuu yangu.

#18 Fundi_Bomba_612
Mkuu, hiyo sentensi ya mwisho ipeleke kikaoni kama ilivyo.

#19 Mwanahesabu_Tulivu
Na hapa tusimlaumu diwani kwa kila kitu. Kodi ya dola 900 wakati mwingine haitoshi hata kulipia bima, joto la baridi kali na matengenezo ya jengo, achilia mbali mkopo. Fungu la chini halijengeki bila mtu kulipa tofauti kila mwezi, miaka yote. Ndiyo kazi ya vocha. Baraza lenyewe linaendesha vocha za kodi kwa familia zipatazo elfu saba, lakini idadi ya vocha inaamuliwa Washington. Alama haiwezi kuzaa vocha.

#20 Mama_Kilimanjaro_MN
Mimi nina mtazamo tofauti na wote, mnisamehe.

Mnazungumza kama tatizo ni vitongoji kukataa. Sisi wa Brooklyn Park tuna upande wa pili. Zaidi ya miaka kumi iliyopita miji ya Brooklyn Park, Brooklyn Center na Richfield ilishiriki kupeleka malalamiko kwa wizara ya nyumba ya shirikisho, ikidai kwamba jimbo na Baraza wanarundika nyumba za ruzuku katika maeneo yenye watu weusi na maskini wengi, na kuyaacha maeneo tajiri. Wengine wetu tuliunga mkono, wengine tuliumia. Kwa sababu kuna wenzetu, tena wa jamii zetu, wanaosema: jenga hapa hapa tulipo, karibu na msikiti wetu, kanisa letu, duka la unga na basi. Kwa nini nipelekwe kwenye mji ambao hauna basi baada ya saa moja jioni ili takwimu ya kanda ipendeze?

Mimi binafsi nilibaki. Mama yangu alikuja 2017, hajui Kiingereza, hajui kuendesha gari. Hapa anatembea kwenda kwa wenzake. Hilo halina alama.

#21 Karani_Mstaafu
Mama Kilimanjaro, hoja yako ni nzito, na ndiyo imewagawa hata wataalamu wa haki za makazi wa kanda hii. Mimi nasema mtu awe na uchaguzi wa kweli. Mto_Rufiji anataka kuhamia kusini na hawezi, mama yako anataka kubaki naye abaki. Sera ya kupima miji inapaswa kuwatumikia wote wawili.

#22 Mpemba_Bloomington
Nani ana mamlaka basi? Sielewi. Baraza lina nguvu ya kulazimisha au halina?

#23 Ramani_na_Rula
Linayo, mahali fulani. Sheria ya mipango ya ardhi ya 1976 inaudai kila mji mpango kabambe wenye sura ya nyumba, na mpango huo hupitiwa na Baraza kila muongo. Mji wa Lake Elmo ulikataa kukua kwa msongamano uliotakiwa, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya jimbo, na mwaka 2004 Baraza likashinda. Lakini lilishinda kwa hoja ya mabomba: limewekeza kwenye maji taka, na mji ukijenga nyumba moja moja kwenye mashamba, uwekezaji wa kanda unapotea. Kwa maji taka lina meno. Kwa nyumba nafuu linaangalia kama ardhi imetengwa, kisha linaandika maoni.

#24 Fundi_Bomba_612
Mnaona? Hata nyumba ya maskini inatetewa na bomba.

#25 Karani_Mstaafu
Niongeze la historia, Mpemba. Kati ya 1993 na 1995 mbunge Myron Orfield alipeleka miswada ya kuyapa malengo ya nyumba nguvu ya kulazimisha. Gavana Arne Carlson aliitia kura ya turufu. Sheria ya hiari ya 1995 ndiyo maridhiano yaliyotoka. Hiari haikuja kwa bahati mbaya, ilijadiliwa na ikaamuliwa. Na wajumbe 17 wa Baraza huteuliwa na gavana, hawachaguliwi na wananchi. Kila mara Baraza likikaza kamba, bungeni inazuka hoja ya kulivunja.

#26 Lowell_Kwetu
Nawasalimu kutoka Massachusetts. Huku mambo ni kinyume kabisa. Sheria ya 40B ya mwaka 1969: kama mji una nyumba zenye ruzuku chini ya asilimia 10, mwendelezaji aliyekataliwa anaweza kukata rufaa kwa kamati ya jimbo na kuupiku mji. Hakuna alama themanini hapa. Kipimo ni kimoja, na kila diwani anakijua kwa kichwa. Miji inalalamika sana, lakini yenyewe inatafuta miradi ili ifikie kumi ipumue.

#27 Mwanahesabu_Tulivu
Lowell, swali moja. Katika jengo la kupanga chini ya 40B, si kweli kwamba nyumba zote huhesabiwa kwenye ile kumi hata kama robo tu ndiyo nafuu?

#28 Lowell_Kwetu
Ni kweli. Umenikamata. Kila kipimo kina mlango wa nyuma.

#29 Nyota_ya_Nakuru
Nimesoma uzi wote nikiwa kwa matatu. Sisi Kenya tumeonja dawa hii ya alama, ingawa si kwa nyumba. Mpango wa KUSP, wa kusaidia miji ya Kenya kwa fedha za Benki ya Dunia, uliingiza kaunti 45 na manispaa 59, Nairobi na Mombasa zikiachwa nje. Kaunti haikupata ruzuku kabla haijatimiza masharti: hati ya manispaa, bodi, mpango, bajeti. Mimi nilikuwa kijana wa ofisi wakati huo. Niliona bodi za manispaa zilizokuwa zimesahaulika zikiundwa haraka kwa sababu pesa ilikuwa mlangoni. Barabara, mitaro na taa vikaja kweli.

Lakini niliona pia watu wakijifunza kufaulu mtihani. Faili likawa safi kuliko mtaa. Mkaguzi akiondoka, bodi inakaa bila kikao. Kwa hiyo namwelewa Mto_Rufiji na namwelewa Ramani.

#30 Mzee_wa_Halmashauri
Nyota, umenikumbusha. Tanzania tulikuwa na ruzuku ya maendeleo ya serikali za mitaa kuanzia mwaka wa fedha 2004/05. Halmashauri ilipimwa kila mwaka, ikishindwa masharti inakosa fedha. Nilikuwa mhasibu. Mwaka tulioanguka, madiwani walikasirika kuliko nilivyowahi kuona, na mwaka uliofuata vitabu vilifungwa kwa wakati. Fedha ilikuwa nyingi kuliko mapato yetu wenyewe, ndiyo maana iliuma. Huko Minnesota mji tajiri unaweza kuishi bila hiyo ruzuku. Tofauti ndiyo hiyo, naona.

#31 Ramani_na_Rula
Mzee wa Halmashauri, umeweka kidole palepale. Mji wenye thamani kubwa ya majengo hauhitaji laki mbili tatu za ruzuku. Unahitaji barabara ya juu na bomba.

Ila kuna fedha mpya. Tangu Oktoba 2023 manunuzi yanayotozwa kodi ya mauzo katika wilaya saba yana robo asilimia ya ziada kwa ajili ya nyumba. Nusu inakwenda kwa wilaya, robo kwa miji yenye watu zaidi ya 10,000, robo kwa msaada wa jimbo wa kodi ya pango. Hizi zinakuja kila mwaka, mji hauombi. Ni juu ya wananchi kuuliza zinatumikaje.

#32 Dada_wa_Richfield
Kumbe tunazilipa wenyewe dukani. Sikujua.

#33 Mto_Rufiji
Wala mimi. Huo mji wa kazini una watu zaidi ya elfu kumi, na chakula cha mchana nanunua huko siku tano kwa wiki.

Nawashukuru wote. Mipango kabambe mipya itapelekwa Baraza kufikia mwisho wa 2028, ina maana maafisa wanaandika sura ya nyumba sasa hivi. Kikao kijacho ni Jumanne ya pili ya mwezi. Nimeandika maswali mawili: kati ya nyumba zilizowapa alama, ngapi ni za fungu la asilimia 30, na ile robo ya robo asilimia mmeiweka wapi. Kuna anayejua kama mtu asiye mkazi anaruhusiwa kusema?

#34 Fundi_Bomba_612
Mara nyingi wanaruhusu, dakika tatu. Jiandikishe mlangoni kabla hawajaanza. Nitakuja na mimi, niko kwenye jengo la jirani wiki hiyo. Nitakuwa na koti la kazi, usishangae matope.

#35 Mama_Kilimanjaro_MN
Waulizeni na basi la jioni.